Dirisha lenye kitambi, na maswali mengine kuhusu makanisa ya enzi ya Malkia Victoria

Safu ya Majengo ya Zamani imepokea barua kadhaa kutoka kwa wasomaji wanaosali, wanaofanya kazi au wanaotembelea makanisa ya parokia ya Uingereza yaliyojengwa kati ya 1837 na 1901. Barua tumezifupisha. Wanaojibu ni mafundi wetu wa vioo na wa mawe.

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Nimechaguliwa mzee wa kanisa katika parokia yetu hapa Leicester. Tuna dirisha la vioo vya rangi upande wa kusini, kibao chake kinasema 1874. Limetoka kitambi katikati, na upepo ukivuma linagongagonga. Muumini mwenzetu ambaye ni fundi wa nyumba anasema Jumamosi moja inamtosha: atalisukuma lirudi mahali pake, kisha azibe kwa silikoni. Tumruhusu? (Mama wa Leicester)

JIBU: Hapana, mama. Mshukuruni, mpeni chai, na Jumamosi hiyo mpeni kazi ya kuzibua mifereji ya paa; sababu utaiona kwenye swali linalofuata.

Dirisha kama hilo lina mamia ya vipande vya kioo, na kila kipande kimechomekwa kwenye ukanda wa madini ya risasi ambao ukiukata utaona umbo la herufi H. Kanda zinapokutana zimelehemiwa kwa bati na risasi. Kati ya kioo na risasi imeshindiliwa puti ya chaki, mafuta ya kitani na masizi kidogo. Hiyo puti ndiyo inayozuia maji na ndiyo inayoipa paneli ugumu. Risasi peke yake ni laini, haiwezi kubeba uzito wa dirisha. Kwa hiyo upande wa ndani kuna nondo zilizopita mlalo kutoka jiwe hadi jiwe, na paneli imefungwa kwenye nondo hizo kwa waya fupi za shaba zilizolehemiwa kwenye risasi.

Sasa chukulia miaka 150. Jua la kusini hupasha risasi mchana, usiku inapoa. Kila ikipata joto inatanuka, ikipoa hairudi yote. Puti inakauka na kumomonyoka. Waya zinachoka na kukatika moja baada ya nyingine, na paneli iliyokuwa imeegemea nondo inabaki imejisimamia. Kitambi ndicho hicho. Risasi ya dirisha kwa kawaida huhesabiwa miaka 100 hadi 150 kabla ya kuhitaji kubadilishwa, kwa hiyo lenu limefika umri wake bila kosa la mtu.

Likisukumwa litapasuka. Risasi imeshavutika, haina nafasi ya kurudi, na ncha za vioo zitabanana hadi kimoja kiachie. Silikoni nayo ni balaa la polepole: inashika kioo na risasi kwa nguvu, inafungia unyevu ndani, na siku mhifadhi, yaani fundi wa kutunza vioo vya kale, atakapotaka kuiondoa ataondoa na rangi ya mchoraji.

Fanyeni hivi. Chukua ubao mwembamba ulionyooka, uulaze mbele ya dirisha kwa ndani ukigusa kingo mbili, kisha pima kwa rula kutoka kwenye ubao hadi sehemu iliyozama au iliyotokeza zaidi. Andika milimita ngapi, paneli ipi, tarehe gani. Piga picha ndani na nje. Hesabu waya za shaba: zipo ngapi, zilizokatika ngapi. Angalia risasi pembeni mwa lehemu, maana nyufa huanzia hapo. Rudia baada ya mwaka. Kitambi ambacho hakiongezeki na hakijapasua kioo si dharura, na sisi hatuna haraka ya kulishusha dirisha la namna hiyo. Yapo yaliyokaa na vitambi vyao miongo mingi. Lenu linagonga, na kugonga maana yake waya zimekatika. Kama risasi bado nzima, mhifadhi anaweza kufunga waya mpya dirisha likiwa mahali pake, na mambo yakaisha hapo.

Risasi ikiwa imechanika kila mahali, basi ni kazi kubwa. Dirisha hupigwa picha, mistari ya risasi hunakiliwa kwa kusugua karatasi nyembamba juu yake, paneli hutolewa kwenye mawe, hufunguliwa kipande kwa kipande na kusafishwa. Risasi mpya ni ya upana uleule wa ile ya zamani; ukiweka nyembamba, mchoro wote unabadilika sura. Hulehemiwa, hushindiliwa puti, hunyunyiziwa unga wa chaki unyonye mafuta, halafu huachwa siku kadhaa zikauke kabla ya kurudishwa kwa chokaa, si saruji. Hapo ndipo pia pa kushughulikia nondo. Chuma kikishika kutu huvimba mara kadhaa ya ukubwa wake, na ncha zake zilizo ndani ya jiwe hulipasua jiwe kama kabari inavyopasua gogo. Ncha hizo hubadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu au kwa shaba nyeusi.

Jambo la mwisho, na ni la sheria. Katika Kanisa la Uingereza kazi hii haianzi bila kibali cha dayosisi, wenyewe hukiita fakalti, na anayekitoa ni chansela, yaani hakimu wa dayosisi, baada ya kusikia kamati ya ushauri. Hata kwa kazi ndogo mwone arkidikoni, msaidizi wa askofu, kwanza. Kipande kikianguka kabla ya hapo, kiweke kwenye bahasha, andika tarehe na mahali kilipotoka. Unga mweupe ukiuona kwenye risasi usiuguse mikono mitupu, na watoto wasicheze chini yake, ni sumu.

SWALI: Ukuta chini ya dirisha la mashariki umelowa na rangi inabambuka. Baraza linataka kufunika dirisha zima kwa plastiki ngumu upande wa nje. Kanisa ni baridi mno, tunatumia majiko ya gesi ya magurudumu. (Msomaji, Bradford)

JIBU: Kabla ya kulishtaki dirisha, subiri mvua inyeshe, uchukue mwavuli utoke nje uangalie maji yanapita wapi. Mara nyingi utakuta mfereji wa paa umejaa majani na maji yanamwagika ukutani, au bomba la chuma la maji ya mvua limepasuka upande wa nyuma ambako hakuna anayepaona. Weka mkono nyuma ya bomba. Ukirudi na ukungu wa kijani, umempata mhalifu.

Mshukiwa wa pili ni hayo majiko. Gesi ikiungua hutoa maji. Kilo moja ya gesi ya mtungi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 ukiisha umemwaga hewani zaidi ya lita 20. Ongeza pumzi na makoti mabichi ya waumini. Mvuke wote huo unatafuta mahali pa baridi pa kutua, na pa baridi kuliko pote ni kioo. Unashuka kama jasho hadi kwenye kizingiti cha chini. Waliojenga walilijua hilo: chunguza kizingiti, huenda kuna kijifereji cha risasi chenye tundu la kupeleka matone nje. Matundu hayo huzibwa na vumbi, na wapaka rangi nao huyaziba bila kujua. Kijiti cha mbao na subira vinatosha kuyafungua.

Mshukiwa wa tatu ni saruji. Mawe laini na matofali ya enzi ile yaliunganishwa kwa chokaa, ambayo hupumua. Mtu akija miaka ya karibuni akaziba viungo kwa saruji, maji yaliyoingia ukutani hayana njia ya kutoka isipokuwa kupitia jiwe lenyewe. Uso wa jiwe unachubuka na saruji inabaki imesimama kama mbavu. Ukiona ukuta wa namna hiyo usiulize zaidi.

Plastiki ya nje hatuipendi. Baada ya miaka huwa ya njano na yenye ukungu, kanisa likaonekana limevaa miwani michafu, na isipopitisha hewa joto na unyevu vinakaa kati yake na kioo. Mkihofia mawe ya watoto, wekeni wavu wa chuma kisichoshika kutu uliopakwa rangi nyeusi na kukatwa kufuata umbo la kila mwanya. Wavu wa shaba huacha michirizi ya kijani kwenye jiwe, wa chuma cha kawaida huacha ya kutu. Kwa dirisha la thamani ambalo rangi yake inaondoka, upo mpango wa kuweka kioo cheupe kwenye nafasi ya zamani na kusogeza kile cha rangi ndani kidogo, hewa ya kanisa ikizunguka kati yake. Ni ghali, ila unafanya kazi. Lakini mfereji kwanza.

SWALI: Naweza kusafisha vioo vya rangi kwa dawa ya madirisha ya nyumbani? (Msomaji, Reading)

JIBU: Usithubutu. Upande uliochorwa sura na mikunjo ya nguo ndio wa ndani, yaani uleule unaoufikia wewe na kitambaa chako. Tandabui za kwenye nondo ziondoe kwa brashi laini. Kioo mwachie mhifadhi.

SWALI: Nasomea ujenzi Dar es Salaam. Kwa nini makanisa ya Kiingereza ya karne ya 19 yanafanana na ya karne ya 14? Mtu atayatofautishaje? (Mwanafunzi)

JIBU: Yanafanana kwa makusudi. Miji ya viwanda ilikuwa imefurika watu kuliko nafasi za kukaa makanisani, na mwaka 1818 Bunge likatoa pauni milioni 1 za kujenga makanisa mapya, likaongeza nusu milioni mwaka 1824. Mengi ya yale ya mwanzo yalikuwa masanduku ya bei nafuu yenye madirisha yaliyochongoka yaliyobandikwa. Augustus Pugin, msanifu majengo Mkatoliki aliyeishi miaka 40 tu (1812–1852), aliyakejeli. Kwake Gothiki, mtindo wa zama za kati wa matao yaliyochongoka, haikuwa pambo. Kila sehemu ya jengo ilipaswa kuonyesha wazi kazi yake. Mwaka 1839 vijana wa Cambridge, Waanglikana hao, waliunda chama cha kuchunguza makanisa, na kwenye jarida lao waliamrisha karibu kila kitu: mtindo uwe wa karibu mwaka 1300, sehemu ya altare iwe ndefu na ipandishwe kwa ngazi, birika la ubatizo liwe karibu na mlango, paa liwe na mteremko mkali na boriti zake zionekane. Wasanifu waliogopa kalamu zao.

Ukiingia, angalia sakafu: vigae vyenye maua na simba, vingi kutoka kiwanda cha Minton cha Stoke-on-Trent, ni alama ya Victoria. Angalia juu: slate, mawe bapa ya kuezekea, za Wales zilizosafirishwa kwa reli. Mabenchi ya msonobari yote sawasawa, viti vya kwaya vinavyotazamana mbele ya altare, chumba cha kinanda kilichochomekwa ubavuni, vyuma vya matundu sakafuni ambamo mabomba ya maji moto yamepita. Mawe yamekatwa kwa usawa mno. Kanisa la karne ya 14 lina ukuta uliopinda, dirisha lililoongezwa, tao lililozibwa.

Mtego upo. Makanisa mengi ya kale kweli yalikarabatiwa na watu wa enzi hiyo hadi yakaonekana mapya. Msanii William Morris alichukizwa na ukarabati huo akaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877, na kampuni yake ikaacha kuyatengenezea majengo hayo vioo, ingawa ilikuwa biashara nzuri kwake.

Na usidhani wote waliiga tu. Msanifu William Butterfield, kwenye kanisa la All Saints la Margaret Street, London, lililowekwa wakfu mwaka 1859, alitumia matofali mekundu yenye mistari myeusi, si mawe, kwenye kiwanja kidogo kilichobanwa na nyumba. Mnara wake unafika mita 69 hivi. Ndani hakuacha hata shubiri moja bila rangi. Wengine huona ni makelele. Sisi twaona ni kazi ya mtu aliyejua tofali.

SWALI: Mimi ni fundi vioo na aluminiamu hapa Mombasa. Hizo rangi zinapakwa au zimo ndani ya kioo? Na mbona sura za watakatifu wengine zimefutika? (Fundi)

JIBU: Fundi, rangi nyingi zimo ndani ya kioo chenyewe. Kioo kikiwa ujiuji ndani ya tanuri huongezwa madini: kobalti hutoa buluu, shaba au chuma hutoa kijani, manganizi hutoa zambarau. Nyekundu ya shaba ni kali mno, kipande kizima kingekuwa cheusi, kwa hiyo kioo cheupe huvikwa utando mwembamba wa nyekundu. Utando huo ukiliwa kwa asidi ya hidrofloriki hubaki nyota nyeupe juu ya kioo chekundu bila risasi kati yao. Asidi hiyo usiijaribu; inapenya ngozi hadi mfupani.

Njano ni habari nyingine. Mchanganyiko wenye fedha halisi, ile ya vidani, hupakwa upande wa nje wa kioo cheupe na kuchomwa; fedha inaingia kwenye kioo na kutoa njano ya limau hadi ya chungwa. Ndiyo maana nywele za malaika na taji yake huweza kuwa kipande kimoja na uso wake. Ujuzi huo Ulaya wanao tangu mwanzo wa karne ya 14.

Kinachopakwa kwa brashi ni rangi ya kahawia au nyeusi tu: oksidi ya chuma au ya shaba, iliyosagwa pamoja na unga wa kioo laini, ikachanganywa na maji au siki na gundi ya mgunga. Mchoraji hupiga mistari kwanza, kisha hufunika kivuli chepesi, kisha hukwangua mwanga kwa kijiti au sindano. Ukitazama karibu, kope za mtakatifu hazikuchorwa, zimekwanguliwa. Kioo huchomwa kwenye nyuzi 650 hivi za Selsiasi, rangi ikayeyuka ikashikana nacho. Kabla ya yote hayo kuna mchoro wa ukubwa kamili wa dirisha, na vioo hukatwa vikiachiana karibu milimita 2 kwa ajili ya moyo wa risasi. Wewe mkata aluminiamu unajua: ukisahau milimita hizo kwa vipande ishirini, paneli haiingii.

Sura zilizofutika zina sababu. Baadhi ya rangi za miaka ya 1860 hadi 1880 zilitiwa boraksi ili ziyeyuke kwa moto mdogo. Zilimeremeta zikitoka tanuri, lakini boraksi haipatani na unyevu, na jasho la kioo likazilamba pole pole. Nyingine zilichomwa bila moto wa kutosha. Dawa si kuchora upya juu ya kioo cha zamani. Mhifadhi huchora mistari iliyopotea kwenye kioo chembamba, akakiweka nyuma ya kile cha asili, na kikitakiwa kuondolewa kesho kinaondoka.

SWALI: Nitajuaje nani alitengeneza dirisha na lini? (Msomaji, Birmingham)

JIBU: Usiuamini mwaka wa kwenye kibao, mara nyingi ni wa kifo cha anayekumbukwa, na dirisha huenda lilikuja miaka mingi baadaye. Tafuta alama kwenye pembe za chini. Mganda wa ngano ni wa Charles Eamer Kempe, na ukiwa na mnara mdogo juu yake ni wa kampuni yake baada ya kufa kwake mwaka 1907. Hata bila alama Kempe hajifichi: kijani iliyopoa, lulu nyingi kwenye mavazi, mabawa ya malaika yenye manyoya ya tausi. Kampuni ya Morris, ya 1861, haipendi vibanda vya Gothiki vinavyochorwa juu ya vichwa vya watakatifu. Watu wake husimama mbele ya majani mazito, na wekundu wao unaita kutoka mlangoni. Ukitaka kuyaona ya mwanzo kabisa nenda Selsley, Gloucestershire. Wewe wa Birmingham una bahati: Hardman alikuwa mwenyeji wenu na ndiye aliyemtengenezea Pugin vioo. Na huna haja ya kwenda mbali kuiona kazi ya Burne-Jones, mchoraji wa kampuni ya Morris, ipo kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Filipo, ingawa jengo lenyewe ni la kabla ya Victoria. Alama zikikosekana, hati za kibali cha dayosisi hutunzwa kwenye nyaraka za kaunti, na humo mara nyingi jina la mtengenezaji limo.

SWALI: Kanisa la Mkunazini nalo ni la mtindo huo? Na nguzo zilizopinduliwa? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Ni la enzi hiyo, na si nakala. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, mahali soko lilipokuwa. Askofu Edward Steere hakutaka paa la mbao la Kiingereza. Alijenga paa la umbo la pipa lililochongoka kidogo, la matumbawe, ndani na nje kitu kimoja, na wapo waliongoja lianguke jukwaa likiondolewa. Madirisha ni membamba, na kwa mwanga wa Unguja membamba yanatosha. Kuhusu nguzo za nyuma, inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini Askofu akiwa safarini, naye akaziacha. Tuliyosema juu ya saruji na chokaa huko Bradford yana uzito zaidi hapo kwenu, maana matumbawe yana chumvi na hewa ya bahari inaongeza.

SWALI: Nipige picha ya vioo saa ngapi? Simu yangu inatoa weupe mtupu. (Bibi harusi mtarajiwa, London)

JIBU: Zima taa za ndani, zima na flashi, flashi huonyesha risasi na kuua rangi. Gusa kioo kwenye skrini, kisha teremsha mwanga hadi rangi zirudi. Watu watakuwa vivuli, kwa hiyo picha ya watu piga kando. Dirisha la mashariki ni la asubuhi, la magharibi ni la baada ya saa tisa alasiri, na siku ya mawingu hutoa rangi tulivu kuliko jua kali. La kaskazini piga saa yoyote, maana jua halilifikii isipokuwa alfajiri na jioni za katikati ya kiangazi.